Chumvi ya Mlimani

Mwanangu Athmani,

Umevuka kwenda Kisauni kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi yako hamwachi mtu kutoka kwake mpaka ale chakula mara mbili. Nimeswali alasiri, nimeketi mekoni, na karatasi nimeiweka juu ya sinia nililolipindua magotini. Babako yuko uwani, ameifungua cherehani ya watu na kuitandaza vipande vipande juu ya gunia. Nasikia anavyoigongagonga. Nataka nimalize kabla hujaingia, kwa kuwa ukinikuta utauliza naandika nini, na haya nimejaribu wiki nzima kuyasema kwa mdomo nikashindwa.

Yasome gari likishapita Mariakani, minazi ikianza kukuaga.

Mambo ya sweta hayamo humu. Sweta nimeshalikunja, utalikuta chini ya shuka. Wala sitakwambia ule nini na uswali wapi. Hayo umeyasikia hata masikio yamechoka. Nataka kukueleza mlima unaokwenda.

Tangu siku uliyokuja mbio kutoka kivukoni na habari kwamba umepata kazi ya misitu, na kwamba umepangiwa Mlima Elgon, babako hajasema nawe ila salamu. Siku ile alisema neno moja tu: "Nchi yote hii ina misitu, na wao wakaona wakupeleke kulekule." Kisha akatoka, mguu wake ukiburura. Wewe ukadhani amekasirika kama wale wa barazani wanaosema kwamba huu si wakati wa kijana wa Pwani kwenda kuwalindia watu wa bara miti yao, eti tungojee kwanza tuone huo uhuru utakuja na nini. Sivyo. Babako hana habari na maneno ya barazani.

Unajua kwamba alivunjika mguu kule. Hujui ulivyovunjika, maana hakuna aliyekusimulia. Wewe ulikuwa kwa nyanyako, unasoma, na tuliporudi ulikuja ukakaa karibu yangu ukaniuliza, "Mama, kule kuna nini?" Nikakujibu, "Kuna baridi." Ulingoja kidogo uone kama nitaongeza, kisha ukaondoka. Jibu gani lile la kumpa mtoto aliyemngoja mamake muda wote huo! Basi leo nakujibu.

Babako alitangulia. Kazi yake ya karakana ilikuwa imekwisha, akapata nyingine kwenye kiwanda cha mbao huko mlimani, kuhudumia mashine za kupasulia magogo. Alipopewa nyumba akaniita. Nyanyako, Mola amrehemu, alinifungia mchele, nazi na papa mkavu, kisha akanishika mkono pale mlangoni. "Wenda kwa mumeo, mwanangu, huendi kwa mlima," aliniambia. "Mlima uwate papo ulipo." Alisema kwa mapenzi, kama mtu anavyomwambia mwari asitazametazame njiani. Mimi nikayachukua kama amri.

Niliposhuka Kitale nikapanda lori la kiwanda, nikakaa mbele na dereva. Nilimwuliza, "Huo mlima uko wapi?" Akanyoosha kidole. Niliona nchi imeinuka polepole, ndefu, pana, bapa juu, kama kawa lililofunika sinia. Mimi nilikuwa natafuta kitu chenye ncha na theluji, kama ule wa kwenye kalenda za madukani. Nikangoja. Tukapita mashamba ya mahindi na ngano, tukapanda, masikio yakaziba, hewa ikawa kama inayotoka mtungini. Jua lilipoanza kulegea nikauliza tena, "Bado hatujafika mlimani?"

Dereva alicheka hata akapunguza mwendo. "Mama, uko juu yake tangu mchana."

Kicheko chake kiliniudhi wakati ule. Lakini nimekuja kukifikiria mara nyingi, Athmani. Nilikuwa na picha ya mlima kichwani, na kwa ajili ya picha ile sikuuona mlima niliokuwa nao chini ya miguu.

Nyumba ilikuwa ya mbao, inanuka utomvu. Nyuma yake ndipo ulipoanza msitu, wala haukuanza kidogo kidogo kama vichaka vya huku kwetu. Ulisimama pale kama ukuta wa msikiti. Nilifunga madirisha ya upande ule. Babako akirudi jioni anayafungua, akienda kazini nayafunga. Miezi ikapita. Mtu akiniuliza kuna nini huko nyuma, nasema, "Miti."

Kulipoingia giza kulikuwa na sauti. Ilianza kama mlango mbovu unaofunguliwa, ikapanda, ikapanda, mpaka ikawa kama mtu anayekabwa. Mara ya kwanza niliruka kitandani nikamshika babako. "Wallahi kuna mtu anauawa!" Akasema ni mnyama, hajui mnyama gani, tulale. Nami sikulala, wala asubuhi sikuuliza. Hilo ndilo linalonishangaza sasa. Nilikuwa radhi kuogopa kila siku kuliko kuuliza mara moja.

Aliyeniambia ni Chemtai. Huyu alikuwa mke wa mmoja wa wakataji magogo, Msabaot, mzaliwa wa mlima ule ule, mwenye ng'ombe wachache na mdomo usiopumzika. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini alikitumia bila haya. Alikuja kuniuzia maziwa, akaona madirisha, akauliza, "Wewe umefungia nini?"

"Naogopa yule anayelia."

Aliponielewa aliketi chini kwa kucheka. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akaninyooshea mkono juu ya mti wenye shimo, na huko ndani nikaona uso kama wa sungura asiye na masikio, unanitazama. Perere. Kinyama ukimtia kapuni kapu halijai. Ndiye aliyeninyima usingizi.

Tangu siku ile tukawa tunazungumza kila asubuhi. Nilimweleza bahari. Akashika kichwa. "Maji yote hayo yana chumvi? Nani aliitia?" Nikamwambia ni Mungu. Akafikiri. "Basi ng'ombe wenu wana bahati. Hapa chumvi Mungu aliificha ndani ya mlima. Lazima uifuate."

Nilidhani Kiswahili chake kimepotea njia. "Ndani ya mlima vipi?"

"Ndani. Kuna pango. Ng'ombe wanaijua, nyati wanaijua, hata ndovu wanaingia kwenye giza wanaitafuta."

Mwanangu, nimezaliwa Likoni, nimekula chumvi ya bahari tangu siku nilipoachishwa ziwa, na sikupata kufikiri hata siku moja kwamba kuna nchi ambako chumvi iko mbali. Maneno ya Chemtai yalinikaa. Napika, nayafikiri. Nafua, nayafikiri. Nikitia chumvi chunguni nasimama na kijiko mkononi. Mwisho nikamwambia, "Nipeleke."

Tulitoka babako alipokwisha kwenda kazini. Sikumwambia. Sikuficha, lakini sikumwambia. Niliona ataniuliza nakwenda kufanya nini, na jibu sikuwa nalo. Kwenda kuona tu. Nilikuwa mke wa mtu, mtu mzima, nakwenda kuona tu.

Sasa nikueleze msitu, maana ndio utakaoulala na kuuamkia. Si mmoja. Huko chini kuna miti mikubwa ya podo, shina lake limenyooka kama mhimili, na ukiegemea unasikia ubaridi kupita leso. Kuna mtarakwa, gome lake linachunika nyuzinyuzi, na ukilikwaruza linanuka kama kasha la nguo la bibi harusi. Kuna mizeituni ya mwitu iliyojikunja kama wazee wenye jongo. Ndevu za kijani zinaning'inia kila tawi, zina maji muda wote, hata mvua isiponyesha. Ukungu wenyewe ndio unaozinywesha. Nilimwona ndege akiruka kutoka mti hadi mti, mweusi wa samawi, na alipofungua mbawa ndani yake mlikuwa mwekundu kama kitambaa cha harusi. Mbega wakaruka na mikia yao myeupe, kama watu wanaotupa kanzu toka ghorofani.

Chemtai alinisimamisha kwenye mti mmoja. "Ingia," akasema. Shina lilikuwa na mwanya. Niliingia, nikatazama juu, nikaona mbingu. Mti ulikuwa mtupu ndani, bomba tupu la mizizi iliyosukana. Akanieleza kwamba ule ni mtini ulioota juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi kuukumbatia, ukaukumbatia hata ukafa, ukaoza, ukaisha. Sasa nimesimama mahali pa yule aliyekufa. Nilitoka haraka. Baadaye nikarudi nikaingia tena. Chemtai akanitazama kana kwamba sasa ndipo aliponijua.

Pango liko nyuma ya maporomoko. Maji yanaanguka mbele ya mlango kama pazia la shanga, ukishapita upande unaingia ukavuni. Ni pana, Athmani. Watu wa Ijumaa wangeswali humo na nafasi ikabaki. Chemtai aliwasha magome ya mtarakwa aliyokuja nayo yamefungwa, akatangulia. Darini kulikuwa na masizi ya zamani. "Bibi yangu alizaliwa humu," alisema. "Wakati wa vita walikaa na ng'ombe wao. Hapa mlango wa miti, hapa moto, pale ndama."

Ukutani mlikuwa na chumvi. Si kama yetu. Ni vumbi jeupe lililotoka kwenye jiwe kama jasho. Nililamba kidole. Ilikuwa na uchungu kidogo, lakini ni chumvi, na nilicheka peke yangu kama mtoto. Kila mahali ukutani mlikuwa na michirizi, imepita huku na huku, mingine mirefu kama mkono wangu. Nikauliza ni patasi za nani. "Ndovu," akasema, akaonyesha kwa vidole pembe mbili, akakwaruza hewa. Wanavunja jiwe kwa pembe, kisha wanalitafuna. Ndivyo pango lilivyokuwa pango. Wamelichimba wao, mama kwa mtoto, mama kwa mtoto, tangu siku asizozijua mtu.

Akanionyesha kitu kingine, mfupa. Haukuwa juu ya jiwe, ulikuwa ndani yake, kama zabibu ndani ya mkate. "Nani aliuzika humu?" nikauliza.

"Sijui. Bibi yangu pia alikuwa hajui."

Nimeuwaza mfupa ule hata leo. Ukienda na ukamkuta aliyesoma mambo ya mawe, niulizie.

Hatukujua kwamba huko nje mawingu yamefunga. Mvua ilianza, mlango ukawa mweusi, na Chemtai akazima moto ghafla, akaukanyaga. Akanivuta nyuma ya mawe yaliyoporomoka kutoka darini, ndani kabisa. Nikataka kusema akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka maziwa.

Sikusikia hatua. Watu wanadhani ndovu akitembea nchi inatikisika, wapi! Nilisikia pumzi kwanza. Halafu matumbo, yananguruma kama mapipa yanayoviringishwa mbali. Halafu mkwaruzo, na Mungu anisamehe, ndani ya giza lile, kitu nilichokifikiri ni nyanyako ameketi mekoni anakuna nazi. Ni sauti ileile. Krr, krr, jiwe linaanguka, na meno yanalisaga. Walikuwa wengi. Mmoja alikuwa mdogo, maana alilia kama tarumbeta mbovu akanyamazishwa. Mkonga ulipita juu ya mawe tuliyojificha nyuma yake; niliona hewa inavutwa karibu na uso wangu, ikasimama, ikarudishwa moto usoni. Alinijua kwamba nipo. Nina hakika alinijua. Akaendelea na chumvi yake.

Unataka kujua kama niliogopa? Niliogopa hata nikapita woga, nikatokea upande wa pili, na huko upande wa pili nilikuwa nasikiliza tu. Sijawahi kusikiliza vile tena.

Walipotoka, nasi tukashika njia. Mvua imekatika, ukungu umeshuka hadi magotini. Tukafika nyumbani jua linazama, mimi nimelowa, leso imepasuka, na kifuani nina donge la chumvi nililolifunga kwenye pindo ili nimwonyeshe babako.

Babako hakuwapo.

Alikuwa amerudi mapema kwa ajili ya mvua, akakuta jiko baridi na mlango wazi. Aliuliza majirani. Mmoja akamwambia kwamba wanawake wengine wamekwenda juu kukata mianzi, labda nami nimo. Basi akapanda huko. Juu ya msitu wa miti mikubwa unaanza msitu wa mianzi, mwanangu, na huo ndio ninaokuomba uuheshimu. Kila mwanzi ni sawa na mwenzake. Ukigeuka mara moja huna mbele wala nyuma, na chini majani yaliyooza yanateleza kama sabuni. Alifuata njia akidhani ni ya watu, nayo ilikuwa ya nyati. Ukungu ukamfunika. Akateleza akaanguka korongoni, mguu ukaingia kati ya mawe mawili, ukavunjika chini ya goti.

Tulimtafuta jioni ile hata mienge ikaisha. Mume wa Chemtai na wenzake ndio waliompata palipokucha, wakamteremsha kwa machela ya fito. Mguu uliungwa, ukaungika vibaya. Kazi ya kiwandani haikuwezekana tena. Tukarudi Likoni, na tangu hapo yeye na cherehani za watu.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize.

Miaka hii yote nimejilaumu kwa kwenda pangoni. Nilijiambia kwamba ndio sababu Mungu alinifunga mdomo, nikakunyima hata wewe habari za mlima, kana kwamba nikinyamaza mguu wa babako utapona. Donge la chumvi sikumwonyesha. Nililitia kwenye maji nikaliyeyusha. Akikaa kimya barazani najua anafikiri mlima, nami napita na kikombe cha chai, naweka, naondoka. Na yeye hakunilaumu hata siku moja. Jambo hilo lilinielemea kuliko lawama.

Lakini juzi, ulipotoka kwenda kupiga picha ya kitambulisho, nilikaa nikafikiri. Nilimwuliza dereva mlima uko wapi. Nilimwuliza Chemtai mambo ya perere, ya mtini, ya mfupa ulio ndani ya jiwe. Nilitaka kujua ndovu walaji mawe wanaonaje ndani ya giza. Na mume wangu, aliyelala peke yake ndani ya mianzi akinitafuta mimi, sikumwuliza hata mara moja: ilikuwaje huko?

Basi asubuhi ya leo nilimwuliza. Wewe ulikuwa kwa kinyozi. Nilimpelekea chai, nikaketi juu ya gunia badala ya kuondoka, nikasema, "Bakari, siku ile huko juu, uliona nini?"

Alishika bisibisi, akaigeuzageuza. Akasema, "Leo wauliza?"

"Nilidhani hutaki kuikumbuka."

"Nami nilidhani hutaki kuisikia," akasema. "Nikaona kila nikitaja mlima uso wako wabadilika. Nikaacha."

Fikiri, Athmani. Watu wawili chini ya paa moja, kila mmoja amemfungia mwenzake madirisha kwa huruma.

Akanisimulia. Alisema mianzi hainyamazi. Upepo ukipita inagongana juu kwa juu, kama watu wengi wanaotembea na bakora, na mara nyingi alipaza sauti akidhani tunakuja. Alisema maumivu yalipozidi aliacha kuyapinga, akawa anahesabu migongano mpaka akapotea. Kulipokucha ukungu ulifunguka kwa muda mfupi. Pale alipolala korongo lilikuwa limeacha uwazi, akaona juu, kule nisikofika mimi. Mianzi inakwisha. Baada yake kuna vichaka virefu vyenye ndevu, kisha nchi tupu ya majani ya manjano, na juu yake imesimama mimea asiyoijua, minene kama nguzo, kila mmoja na kichwa cha majani kama kabichi kubwa, imetapakaa mlimani kama watu waliosimama kungoja jambo. Nchi yote ilikuwa nyeupe. Si theluji, ni umande ulioganda. Jua likaigusa ikawaka. "Nilisema basi, nimekufa, na ndivyo palivyo," alisema. "Sikuhuzunika. Nilisikitika tu kwamba huoni." Kisha ukungu ukafunga, na wale wanaume wakaja.

Mimi nililia, yeye akarudi kwenye cherehani. Baadaye nikamwuliza kama amekukasirikia. Akasema, "Nimkasirikie kwa nini? Naogopa. Mtu hawezi kuogopa?"

Anaweza. Nami naogopa. Lakini napenda ujue kwamba sikuogopei ndovu wala baridi. Nakuogopea usije ukaizoea ile miti, ukawa mtu wa kuandika idadi ya mashina na kufunga dirisha. Wewe mapenzi ya msitu hukuyachukua kwetu, maana sisi tulikunyima. Uliyaokota mwenyewe huko Shimba, siku ile ulipokwenda na mjomba wako ukarudi umechanika kaptula, unasema umemwona palahala na pembe zake zimerudi nyuma kama majambia. Ulinisimulia hadi chakula kikapoa. Nami nilikuwa najua harufu ya mtarakwa, najua pango la chumvi, nikasema, "Kula, mwanangu." Ukitaka kunisamehe jambo lolote, nisamehe hilo.

Nikiwa nakuomba kitu, ni hiki: nenda ukafike kule juu. Watu walisema kilele chenyewe si kilele, ni bonde la duara kama karai, kubwa la kutosha miji kadhaa, na ndani yake kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, katikati ya baridi ile. Chemtai hakupata kufika. Nataka kujua maji hayo yana chumvi au hayana. Onja.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini babako ameingia sasa hivi kuchukua mafuta ya mashine. Ameniona, akauliza naandika nini. Nikamwambia. Akasema nimsomee. Nimemsomea yote, na yeye amesimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti. Nilipofika kwenye mianzi alinikatiza akasema mguu ulivunjika juu ya kifundo, si chini ya goti, na kwamba nyati hawakuwa na njia pale, ilikuwa ya ndovu. Nikamwuliza nifute? Akasema niache, kila mtu na mlima wake.

Kisha amekaa. Amekaa chini kabisa, na mguu wake ule si rahisi. Amesema kesho atakuvusha feri yeye mwenyewe, na atakwenda nawe mpaka stesheni, kwa hiyo usikubali mzigo wako uchukuliwe na rafiki zako. Na amesema jambo ambalo sijapata kulisikia kwake. Amesema kwamba nyuma ya kiwanda palikuwa na mteremko wa podo, miti ambayo watu wanne wakishikana mikono hawaizunguki, na misumeno iliyoumaliza yeye ndiye aliyekuwa akiinoa. Alikuwa fundi hodari. Haikuwahi kusimama hata siku moja kwa ubutu. Siku alipoteremshwa kwa machela alipitishwa pale, akiwa amelala chali, na ilikuwa mara ya kwanza kuutazama mteremko ule. Aliona mbingu tupu tangu mwanzo wa mteremko mpaka mwisho.

Nimemwuliza nikuandikie nini kuhusu hilo. Anasema, na haya ni maneno yake, mimi naandika tu:

"Mwambie aende akautazame. Akikuta umeota, aniandikie. Akikuta haujaota, asipoteze karatasi. Apande miti."